Tanguliza Kinachokusimamisha

Mwanangu, keti. Haya nimewaambia kaka zako hadi koo limekauka, na nitayasema tena maadamu kesho unataka kupakia watu.

Umeanguka na pikipiki, tunamshukuru Mungu umeinuka na michubuko tu. Sasa una haraka ya kurudi kijiweni, kwa sababu tajiri anasubiri hesabu yake. Najua deni linavyouma. Lakini hesabu ya siku mbili hulipika, mguu haulipiki.

Kabla hujakimbilia dukani, jua kilichoharibika. Pikipiki ikilala ubavu, jicho huangukia indiketa iliyopasuka na kioo cha pembeni. Hatari imejificha kwingine. Mwambie fundi azungushe gurudumu la mbele, aone kama rimu inayumba. Afungue shokapu za mbele, avingirishe mabomba yake juu ya kioo kilicho sawa; bomba likirukaruka, limepinda. Na mkono wa breki uliopinda usikubali unyooshwe kwa nyundo. Huo ni wa aluminiamu: ukishapinda na kunyooshwa huweza kupata ufa, ukakatika siku unapouhitaji. Nunua mwingine.

Ukienda Kariakoo, beba spea mbovu mkononi. Usiseme tu "nipe ya Boxer", kwani ziko za 100 na za 150, na si kila spea ya hii huingia kwenye ile. Linganisha urefu, matundu na uzito. Soma jina kwenye boksi herufi kwa herufi, maana baadhi ya wenye bidhaa bandia hubadilisha moja tu. Dai risiti hata kama muuzaji ni rafiki yako. Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia, lakini lalamiko lisilo na risiti halina miguu.

Ukiletewa kijiweni spea ya nusu bei na mtu asiye na duka, jiulize ni pikipiki ya kijana gani imefunguliwa usiku. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai, na ni dhuluma kwa mwenzako anayetafuta riziki kama wewe.

Fedha ikiwa haba, fuata mpangilio: breki, rimu na shokapu kwanza, kisha taa. Rangi na stika zisubiri. Vioo na indiketa visikawie, wala usibebe mtu usiku kabla taa haijawaka. Kofia ngumu iliyogonga lami usiivae tena, hata kama nje inang'aa. Povu lake la ndani likishabonyea halikulindi mara ya pili.

Mwanangu, mama anayepanda nyuma yako na mtoto mgongoni hakuulizi breki umenunua wapi. Amekuamini bila kukuhoji. Hiyo ni amana, na amana huulizwa. Tengeneza pikipiki yako kwa ajili yake, hata ukichelewa siku mbili kurudi barabarani.