Mwanafunzi Aliyebadili Mwalimu



Liko neno litokealo mara nyingi katika sharika zetu, nalo huleta uchungu. Kijana aliyefundishwa na mwalimu mmoja tangu utoto wake, siku moja huaga na kwenda kwa mwalimu mwingine. Pengine ni mwimbaji, pengine ni mwanafunzi wa dini, pengine ni kijana ajifunzaye useremala. Mara maneno huanza. Wengine husema, "Hana shukrani." Wengine husema, "Mwalimu wake hakujua kitu." Naye mwalimu hukaa kimya barazani, na moyo wake wamwuma. Sisi tulio walimu twaijua huzuni hiyo, na sisi tuliokuwa wanafunzi twaijua haya ya kuaga. Basi mwezi huu na tulitafakari neno hili: Je, ni vema mwanafunzi kubadili mwalimu?

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto hakuona haya kutwaa mfano wa watu washindanao kwa mbio uwanjani. Nasi na tutwae mfano wa mchezaji wa tenisi, mchezo ule ambao watu wawili hurudishiana mpira kwa raketi juu ya wavu.

Katika milima ya kaskazini ya Italia, mahali ambapo watu wengi husema Kijerumani, alizaliwa mwaka wa 2001 mtoto jina lake Jannik Sinner. Baba yake alikuwa mpishi, na mama yake mhudumu, katika nyumba ya wageni mlimani. Kwanza sifa yake ilikuwa kuteleza juu ya theluji kwa mbao zifungwazo miguuni, akawashinda watoto wenzake. Lakini mshika mawili moja humponyoka. Alipopata miaka 13 aliuchagua mchezo wa tenisi, akaiacha nyumba ya wazazi wake, akaenda mji wa Bordighera ulio kando ya bahari, kwa mwalimu Riccardo Piatti. Kwake alifundishwa karibu miaka saba. Mwaka wa 2021 alishinda mashindano manne, na mwisho wa mwaka huo alihesabiwa kuwa wa 10 katika wachezaji wanaume wa dunia nzima, naye alikuwa na umri wa miaka 20 tu.

Januari 2022, katika mashindano makubwa ya Melbourne, alishindwa na Mgiriki Stefanos Tsitsipas pasipo kupata hata seti moja. Mwezi wa pili yake alimwacha Piatti, akaenda kwa Mwitalia mwingine, Simone Vagnozzi. Na katikati ya mwaka akaongezwa mwalimu wa pili, Darren Cahill wa Australia.

Angalieni, ndugu, wakati alioondoka. Hakuondoka kwa kuwa mwalimu wake alikuwa mbaya, maana ni yeye aliyemfikisha hapo. Wala hakuwa mtu aliyeanguka. Lakini aliona ya kuwa nguvu aliyokuwa nayo, ya kuupiga mpira kwa kishindo akiwa nyuma ya uwanja, haitoshi mbele ya wale waliomtangulia. Ilimpasa kujifunza tena namna ya kuuanzisha mpira, na kusogea karibu na wavu, na kuupiga kwa upole mpira ule uangukao hapo hapo mbele ya adui. Kujifunza upya jambo ambalo watu wamekwisha kukusifu kwalo, hiyo ni kazi ngumu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini kijana huyu aliposifiwa alitafuta mtu wa kumwonyesha kasoro zake.

Tena yaangalieni yaliyofuata. Mwaka wa 2022 hakushinda ila shindano moja, na mwisho wa mwaka alishuka, akahesabiwa wa 15. Huko Wimbledon alimtangulia Novak Djokovic kwa seti mbili, kisha akashindwa. Huko New York alibakiwa na pointi moja tu ili amshinde Carlos Alcaraz, nayo ikamponyoka, akashindwa. Mtu mwenye haraka angalisema, "Nimepotea, afadhali ningalikaa kwa mwalimu wa kwanza," au angalitafuta mwalimu wa tatu na wa nne. Lakini yeye alikaa akafanya kazi. Ndugu zetu walimao kahawa wanajua jambo hili. Mche ukitolewa kitaluni na kupandwa shambani, majani hulegea kwanza. Mkulima mjinga huung'oa aupande pengine, nao hufa. Mkulima mwenye akili huutia kivuli na maji, akangoja.

Yeye naye alingoja, na mche ukashika. Mwaka wa 2023 alishinda huko Toronto, na mwezi wa Novemba yeye na wenzake wakaipatia Italia Kombe la Davis, ambalo nchi yao haikulipata tangu 1976. Januari 2024, katika mji ule ule wa Melbourne, alishindwa seti mbili za kwanza na Daniil Medvedev, kisha akashinda tatu zilizobaki, akatwaa kombe. Tarehe 10 Juni 2024 akahesabiwa wa kwanza katika dunia, cheo ambacho hakuna mwanamume wa Italia aliyekipata mbele yake. Naye aliposimama Melbourne na kombe mkononi aliwashukuru wazazi wake kwa kuwa walimwachia kuchagua, wala hawakumlemea. Wao walikuwa wa kwanza kumfungulia mlango aondoke.

Hapo twapata neno kwa walimu. Cahill naye alikwisha kuachwa. Alimfundisha Lleyton Hewitt wa Australia, hata mwaka wa 2001 kijana yule akawa wa kwanza duniani. Na mwisho wa mwaka ule ule wakaachana. Je, Cahill alikaa na kinyongo? Sivyo, alifundisha tena: Andre Agassi wa Marekani, na baadaye Simona Halep wa Romania, ndipo akafika kwa Sinner. Kazi ya mwalimu haifi mwanafunzi aondokapo.

Nasi tunao mfano ulio mkuu kuliko huo. Yohana Mbatizaji alikuwa amesimama pamoja na wanafunzi wake wawili. Yesu alipopita alimwonyesha kwao, nao wakamwacha Yohana wakamfuata Yesu. Hakuwazuia, wala hakuwahesabia fadhili alizowatendea. Na baadaye watu walipomletea habari ya kuwa wote wanamwendea yule mwingine, alijibu ya kuwa furaha yake imetimia. Ndugu makatekista, je, sisi twaweza kujibu hivyo?

Kwa wanafunzi, msomeni Apolo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 18. Alikuwa msemaji hodari, mwenye kujua Maandiko, naye alikwisha kusimama mbele ya watu na kufundisha. Lakini Prisila na Akila, watu wa kushona mahema, walimchukua wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hakusema, "Mimi ni mwalimu, nitafundishwaje na mafundi?" Alisikiliza, na baada ya hapo akawafaa sana waamini wa Akaya.

Basi jibu letu ni hili. Kubadili mwalimu si dhambi, wala si wema, mpaka moyo upimwe. Wewe utakaye kuondoka, jiulize: Naenda kwa mtu atakayenionya zaidi, au naukimbia mwonyo? Nimekwisha kumshukuru yule aliyenishika mkono nilipokuwa sijui kitu? Majani yakilegea, nitakaa? Ukiweza kujibu maswali hayo mbele ya Mungu, nenda kwa amani.

Lakini lipo jambo ambalo mfano wa mchezo hauwezi kulifikia. Mwalimu wa tenisi hukaa nje ya mistari ya uwanja. Hata ampende mwanafunzi wake namna gani, hawezi kumpigia hata mpira mmoja, na siku ya kushindwa, aibu ni ya mchezaji. Bwana wetu hakukaa nje. Aliingia mwenyewe katika shindano letu, akaibeba aibu yetu, na ushindi wake akatupa sisi bure. Kwa hiyo waalimu wa dunia twaweza kuwaacha na kuachwa nao pasipo kuangamia, maana wokovu wetu hauko mikononi mwao.

Pengine wewe usomaye haya unaye mwanafunzi wa zamani ambaye hujamsalimu tangu siku alipoaga. Au unaye mwalimu wa kwanza ambaye hujarudi kumwambia ahsante. Usingoje mwezi mwingine. Jumapili ijayo, ibada ikiisha, mwendee.

Bwana atupe moyo wa kufundishika, na mikono isiyokamata kwa nguvu alichotukabidhi. Amin.