Dhamana ya Mwenye Kekee

Mtu akiisha kuamini kwamba shifaa yatoka kwa Mola peke yake, hukabiliwa na swali ambalo wazee wa Garissa wangeweza kulizungumza tangu alasiri hata magharibi: kwa nini tabibu aliyeharibu alaumiwe, ilhali aliyefaulu haruhusiwi kujisifu? Mimi naona jibu limo katika tundu dogo litobolewalo tayani ili kupandikizwa jino.

Madini kuingia mwilini si jambo la kutuhumu. Imepokewa kwamba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab, alivaa pua ya fedha, na iliponuka Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Titani inayopandikizwa leo hainuki, na mfupa hushikamana nayo, kama alivyobaini mtafiti Brånemark wa Uswidi katika mifupa ya sungura miaka ya 1950.

Lakini kekee ina moto wake. Mwaka 1983 watafiti Eriksson na Albrektsson, nao kwa sungura, waliuona mpaka: nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja; joto likizidi hapo, sehemu ya mfupa hunyonywa na mafuta hushika mahali pake. Ndipo fundi mwema huanza na kekee nyembamba iliyo kali, akapanua kidogo kidogo bila kukandamiza, akaiinua mara kwa mara unga wa mfupa utoke, huku maji ya chumvi yakimiminika, kama mtambo wa kuchimba kisima huko Wajir usivyoachwa kuzunguka mkavu. Katika taya la chini upande wa mbele, ambako mfupa ni mgumu, hadhari huzidi.

Tazama basi: katika yote hayo hakuna tendo hata moja la kuponya. Yote ni kujizuia kuua. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe, miezi mitatu au zaidi, kwa idhini ya aliyeuumba. Mwanadamu uwezo wake kamili ni wa kuharibu, na hapo ndipo dhamana inapomkalia kwa haki. Jino likilegea kwa mgonjwa wa kisukari ijapokuwa fundi alichunga kila sharti, tuseme kadari, wala sioni ila. Bali aliyetoboa kwa kekee butu, pasipo maji, kisha akataja kadari, huyo amelisingizia jina tukufu. Naye mgonjwa hatamjua, kwani ganzi humzuia kuhisi joto lile, na mfupa uliokufa hujidhihirisha baada ya wiki kadhaa, wakati kekee imekwisha kuoshwa na kurudishwa kabatini.