Vave na Mwandishi wa Hadithi
Mwandishi chipukizi wa Kibajuni kutoka Chula, Koyama au Kismayo, kusini mwa Somalia, ambaye jamaa zake wengi walitawanyika hadi Mombasa na ng'ambo baada ya vita vya 1991 nchini humo, huweza kukata tamaa kwa kukosa mchapishaji na wasomaji wa karibu. Hata hivyo, shule bora ya ufundi anayo kwao. Katika vave, yaani utungo mrefu ambao wakulima wa Kibajuni huuimba usiku wa kuamkia siku ya kuchoma msitu waliofyeka, mwimbaji husikilizwa na watu wanaoijua kila hatua ya kazi anayoisimulia, na hicho ndicho kipimo anachokikosa zaidi mwandishi anayejifungia peke yake. Basi, kama hadithi yake ni ya bahari, na aisome rasimu yake, yaani andiko la awali, kwa sauti mbele ya wavuvi wazee, ambao watamkatiza palepale mhusika wake, nahodha, akivusha mashua juu ya miamba ilhali maji yamekupwa. Masahihisho hayo huuma, tena sana, lakini humwonyesha mahali msuko, yaani mfuatano wa matukio yanayosababishana, ulipolegea, na humrudisha kwenye kalamu kesho yake, kwa kuwa wazee wale watamuuliza nahodha alifikia wapi.