Mwasi Ana Cheti, Mwizi wa Mbuzi Je?

Mwaka 2000 Sheria ya Msamaha ya Uganda ilianza kutumika. Aliyepigana vita dhidi ya serikali wakati wowote tangu tarehe 26 Januari 1986 aliweza kujisalimisha kwa jeshi, polisi, hakimu au hata kiongozi wa dini, akaukana uasi, akatoa silaha na kupewa cheti. Baada ya hapo hashtakiwi wala haadhibiwi kwa uasi huo. Huku West Nile jambo hili si la kusimuliwa. Wapiganaji wa West Nile Bank Front walirudi nyumbani, na wale wa UNRF II, chini ya Ali Bamuze, walitia saini mapatano na serikali mjini Yumbe Desemba 2002. Leo, katika masoko ya Arua na Koboko, waliobeba bunduki na waliozikimbia bunduki hununua unga mahali pamoja.

Tumtazame sasa kijana aliyefungwa kwa kuiba mbuzi. Kifungo amekimaliza. Akitafuta kazi anadaiwa cheti cha tabia njema, na kosa lake bado limeandikwa. Anaweza kukata rufaa, lakini rufaa humfaa aliyehukumiwa kimakosa, na yeye kweli aliiba. Anaweza kuomba msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 121 ya Katiba, lakini hiyo ni hisani, si haki yake.

Wapo watakaosema kwamba msamaha wa waasi ulikuwa bei ya amani, haukuwa sifa kwa waasi. Nakubali. Lakini maana yake ni kwamba mwizi hasafishwi kwa sababu hana bunduki ya kuuza. Sheria inayomsafisha upesi mwenye uwezo wa kudhuru wengi, na kumwacha mnyonge na doa lake, inafundisha somo baya.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa aliyeibiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nani amwambie asahau? Nadhani hapa tunachanganya mambo mawili. Msamaha uliotolewa na sheria ya mwaka 2000 unahusu adhabu ya dola tu. Haikumwamuru mjane yeyote asamehe. Ndiyo maana makubaliano ya Juba ya mwaka 2007 yalitambua pia mila za upatanisho, ikiwemo Tonu ci Koka ya Wamadi: amani kati ya mtu na mtu hutafutwa na watu wenyewe. Kumfutia mtu rekodi, basi, si kumnyang'anya mwenye mbuzi kumbukumbu yake. Ni dola kuitua fimbo yake baada ya kumaliza kuchapa.

Mipaka lazima iwepo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Thomas Kwoyelo, iliamua kwamba hata msamaha wa waasi haufuniki ukatili mkubwa dhidi ya raia. Lakini kwa makosa madogo, Uingereza ina sheria tangu 1974 ambayo chini yake hukumu nyingi huhesabiwa kuwa zimekwisha baada ya miaka kadhaa bila kosa jipya. Nasi tuseme hivyo: aliyetumikia adhabu, akamlipa aliyemkosea, akaishi vyema kwa miaka iliyotajwa na sheria, asafishwe kwa haki. Tuliyempa mwasi kwa kuogopa vita, tunaweza kumpa mwizi wa mbuzi bila kuogopa chochote.