Asali Katika Chuku

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuzungumza na ndugu zetu juu ya swali linaloulizwa mara nyingi katika darsa: Je, yafaa Mwislamu asome kitabu ambacho mtungaji wake si katika watu anaowaridhia? Na kitabu cha mtu tumpendaye, je, yatupasa kukubali kila lililomo?

Siku hizi tumerudia kusoma Al-Munqidh Min Adh-Dhalal cha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Ni kitabu kidogo, lakini katika vitabu tuvipendavyo twakiweka mbele. Humo Imamu aeleza alivyoitafuta yakini, na alivyoacha kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mwaka 1095, alipoitazama nia yake akaiona imeelekea cheo na sifa. Mtu aliyeihukumu nafsi yake namna hii, ana haki ya kusikilizwa anapotuhukumu sisi.

Katika kulijibu swali letu, Imamu apiga mfano wa asali iliyotiwa katika chombo cha kuumikia. Sisi tuijuao chuku twauelewa upesi. Mtu akiletewa asali hiyo roho yake huikataa, kwa kuwa chombo kile ni cha damu. Wala hafikiri kwamba damu ni najisi kwa dhati yake, si kwa sababu ya chombo. Na asali, kwa kuwamo humo, haikugeuka kuwa damu. Na maneno ni vivyo hivyo. Watu wakiambiwa kuwa fulani wampendaye ndiye aliyeyasema, huyakubali yakiwa batili; wakiambiwa ni fulani wamchukiaye, huyakataa yakiwa haki.

Madhara ya jambo hili si madogo. Walikuwako zama za Imamu watu waliodhani wanainusuru dini kwa kuwakanusha wanafalsafa katika kila elimu yao, hata katika hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Imamu aliwaona kuwa wameikosea dini kosa kubwa. Kwani mwenye kuijua hesabu ile hataitilia shaka hesabu yake. Ataitilia shaka dini, adhani imejengwa juu ya ujinga. Nasi twajua kuwa jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake, Mtume mwenyewe aliwakataza kuamini hivyo.

Basi na tuwatazame vijana wetu. Kijana asomaye hisabati na falaki, akirudi nyumbani akaambiwa kitabu chake ni cha makafiri, akitupe, huyo kitabu hatakitupa. Khofu yetu ni kwamba atakachokitupa ni kingine.

Lakini Imamu hakufungua mlango kwa kila mtu. Asiyejua kuogelea huzuiliwa asikaribie ufuko wa bahari, si muogeleaji hodari. Na mbadili fedha aliye stadi aweza kutia mkono katika mfuko wa mghushi akatoa sarafu ya kweli. Mtu wa shamba asiyejua fedha hapaswi kuuendea mfuko huo. Kwa hivyo kwanza tumpe kijana mizani: Qur'ani kwa maana yake, fiqhi, na lugha ya Kiarabu. Asiye na mizani atameza asali na damu pamoja, na zaidi mtungaji akiwa mashuhuri.

Wala tusidhani maradhi haya ni ya wengine tu. Wamo katika sisi tujiitao watu wa islahi wasiofungua kitabu cha sheikh kwa kuwa sheikh yule akisoma maulidi. Na wako upande wa pili wasiomsikiliza mwenye islahi, hata akiwasomea faradhi sita za udhu. Wote wawili wametazama chuku, hawakuonja kilichomo. Na wakumbuke kwamba Ihya ya Imamu huyu huyu ilichomwa moto Cordoba mwaka 1109, naye yu hai, kwa amri ya mtawala Mwislamu. Leo waliokichoma wametajwa kwa ajili ya kitabu, na kitabu chasomeshwa misikitini.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwaita watu wachukue kwa wengine lenye manufaa, na waache lenye kudhuru dini yao. Wito huo haujachakaa.

Nasaha yetu kwa wazee ni hii: ukimwona mwanao na kitabu usichokijua, usimnyang'anye. Kaa naye, mwambie akusomee, kisha muulize: Huyu asema nini? Hujja yake ni ipi? Na sisi twaipima kwa nini? Jioni moja ya namna hiyo yamfaa kuliko makatazo ya mwaka mzima. Na huenda ikakufaa na wewe.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke, ijapokuwa katika vitabu vya tuwapendao. Amin.