Nani Akaze Mkanda? Maoni Juu ya Haki Wakati wa Dhiki

Kila nchi inapopatwa na ukata wa fedha, haukosi kusikika usemi mmoja unaotoka vinywani mwa wakubwa na kuenea katika magazeti na redio: "Tukaze mikanda." Usemi huu ni mwepesi kuutamka, mzito kuutekeleza. Sisi walimu wa lugha tumezoea kuutoa darasani kama mfano wa nahau; tunaeleza kuwa maana yake ni kupunguza matumizi na kuvumilia shida, kisha tunakwenda kwenye nahau nyingine. Katika makala haya twapenda kuusimamisha kidogo na kuuliza swali ambalo si la sarufi peke yake, bali ni la maadili pia. Kiambishi tu- kilichomo katika "tukaze" chawataja akina nani? Na je, wote wanaotajwa wana mkanda uliobakiwa na tundu la kukazia?

Swali hili laletwa na mahali tulipo. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika sehemu hizi za Malawi twaishi baina ya pande mbili. Upande mmoja ni Capital Hill, kilima cha jijini Lilongwe zilipo ofisi za wizara za serikali. Upande wa pili ni Dzaleka, wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 50 kutoka jijini, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Makazi hayo yalikusudiwa watu wapatao 10,000 hivi. Sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani na misikitini. Agizo la kukaza mkanda hutolewa upande wa kwanza na kusikika katika pande zote mbili, lakini halina maana moja huko na huko.

Asili ya usemi

Usemi wenyewe una historia katika Kiswahili cha siasa. Vita vya Kagera vilipomalizika mwaka 1979, hazina ya Tanzania ilikuwa imekauka kwa gharama za vita, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha vunjika mwaka 1977. Mwalimu Julius Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Wanakumbuka pia kwamba miezi ile 18 ilipita na dhiki ikabaki, tena kwa miaka kadha.

Kuna tukio jingine, la mwezi Oktoba 1966, lifaalo kuwekwa kando ya hilo. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka wapokee sehemu tu ya mshahara katika muda wa utumishi wao. Nyerere aliwafukuza chuoni, na papo hapo akatangaza kuwa anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu aweza kubishana juu ya kufukuzwa kwa vijana wale, na wengi wamebishana. Lakini hawezi kukana kwamba aliyewataka wenzake wapunguziwe alianza kujipunguzia mwenyewe.

Hesabu ya kwacha

Sasa na tuje kwetu. Fedha ya Malawi iliitwa kwacha mwaka 1971, na mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi ili aelewe jina hilo, kwani kitenzi chake ni kilekile kilichomo katika "kumekucha". Senti zake ziliitwa tambala, yaani jogoo. Majina hayo mazuri yalichaguliwa wakati wa matumaini ya uhuru.

Mwezi Mei 2022 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25. Mwezi Novemba 2023 ikashushwa tena: dola moja ya Kimarekani, iliyokuwa ikinunuliwa kwa kwacha 1,180 hivi, ikawa kwacha 1,700. Sababu zake hazikuwa siri. Nchi hutegemea sana tumbaku kwa kupata fedha za kigeni. Tumbaku haikutosha kulipia mafuta, mbolea na dawa. Madeni yalikuwa makubwa. Na kimbunga Freddy kilikuwa kimeharibu mashamba na makazi ya kusini mwezi Machi 2023. Mwezi huohuo wa Novemba, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 175 hivi.

Wataalamu huyaita mambo haya marekebisho. Tuyatazame kwa jicho la mtu wa kawaida. Wakati ule mshahara wa chini uliowekwa kisheria ulikuwa kwacha 50,000 kwa mwezi. Mtu aliyelala na mshahara huo ukiwa na thamani ya dola 42 aliamka ukiwa na thamani ya dola 29. Hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mwake. Noti zilikuwa zilezile, idadi ileile. Mshahara huo uliongezwa mwezi Januari 2024 ukawa kwacha 90,000, lakini bei zilikuwa zimetangulia mbele: mwanzoni mwa mwaka huo mfumuko wa bei ulikuwa umezidi asilimia 30, na wa vyakula umezidi asilimia 40. Kisha ukame ukaunguza mahindi, hata mwezi Machi 2024 serikali ikatangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28.

Huko Dzaleka jambo hili lilikuwa na sura yake. Mkimbizi apewaye mgao wa fedha badala ya mahindi hupokea karatasi ambayo thamani yake huamuliwa sokoni. Bei ya unga ikipanda, mgao umepungua ijapokuwa hakuna aliyeupunguza. Na wafadhili wa mbali wakifunga mikoba yao, hupungua mara ya pili.

Akiba na kisichobaki

Methali zetu husifu uwekevu. Twasema akiba haiozi, na twasema haba na haba hujaza kibaba. Ni mafundisho ya kweli, ila yana sharti ambalo aghalabu hatulitamki: kwanza kuwe na kitu kinachobaki. Uwekevu ni fadhila ya mwenye masalio. Mtu ambaye mapato yake yote huishia katika unga, makaa, kodi ya chumba na nauli, anapoambiwa apunguze, hapunguzi anasa. Hupunguza mlo. Hutembea kwa miguu kutoka Mtandire au Chinsapo hadi kazini. Huahirisha kwenda hospitali. Humwachisha shule mtoto mmoja, na mara nyingi mtoto huyo ni wa kike.

Tena mnyonge hulipa zaidi kwa kitu kilekile. Mwenye fedha hununua gunia la mahindi la kilo 50 wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Asiyekuwa nazo hununua unga kwa sahani na mafuta ya kupima kwa vijiko, kila siku kidogo, katika miezi ya Januari na Februari bei inapokuwa juu kabisa. Akijumlisha mwaka mzima, ataona amelipia gunia lile kwa bei kubwa kuliko jirani yake aliyeshiba. Pakiwa na ugonjwa, hukopa kwa katapila, yaani mkopo wa riba kali wa mitaani, na mshahara wa mwezi ujao huwa umekwisha liwa kabla haujapokewa.

Hapa sarufi yatusaidia kufikiri. Kiswahili hutofautisha kubana na kubanwa. Abanaye matumizi ametenda. Alikuwa na uchaguzi, naye astahili sifa. Abanwaye ametendwa. Kumsifu mtu aliyebanwa kana kwamba amebana ni kumvika fadhila ambayo hakuichagua, na kumlaumu eti hajui kupanga matumizi ni dhuluma juu ya dhiki. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine

Yuko atakayesema kwamba hata watu wa Capital Hill wanaumia. Ni kweli, na si haki kuwadhania kuwa wote ni matajiri. Karani na mwalimu wa serikali wameona mishahara yao ikiyeyuka. Lakini tufuate dhiki inavyoshuka ngazi. Ofisa akibanwa, humwachisha kazi mtunza bustani, au humwambia mfanyakazi wa nyumbani aje siku tatu badala ya sita. Mfanyakazi huyo huacha kununua mboga kwa mama anayeuza kando ya njia, na huacha kumpelekea fedha dada yake kijijini. Dada naye hutafuta ganyu, yaani kibarua cha siku katika shamba la mtu, na huko huwakuta wengine wengi waliokuja kwa shida ileile, wakimbizi wakiwamo, nayo malipo hushuka kwa wingi wao. Hivyo kila mmoja hukaza mkanda wake kwa kuufungia kiunoni mwa aliye chini yake. Aliye chini kabisa hana wa kumfungia.

"Sisi" inayosinyaa

Dhiki ina tabia nyingine mbaya: huifanya "sisi" isinyae. Wakati wa neema, mgeni mwenye duka ni jirani. Wakati wa ukata, huonekana kuwa ndiye aliyechukua riziki yetu. Mwezi Mei 2023 serikali ilianza kuwaondoa kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya makazi, na kuwarejesha Dzaleka, kwa msingi wa sheria inayowataka wakae huko. Waliokuwa wakijilisha na kuwalipa vibarua wakarudi kungojea mgao.

Hatuandiki haya kwa kuisahau fadhila. Malawi, nchi isiyo tajiri, iliwapokea watu wa Msumbiji wapatao milioni moja wakati wa vita vyao, na imewapokea watu wa Maziwa Makuu tangu 1994. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo yawastahili watu wa Malawi. Ndiyo maana twauliza kwa uchungu: yule aliyekuwa ndani ya "tu" wakati wa kulipa kodi ya duka na ushuru wa soko, amewezaje kuwa nje yake wakati wa kugawana shida? Ni jambo la kushangaza kwamba aliyetolewa katika haki za "sisi" hutakiwa bado kuvumilia pamoja na "sisi".

Pingamizi moja na jibu lake

Mwezi Novemba 2023, siku chache baada ya kwacha kushushwa, Rais Lazarus Chakwera, aliyekuwa madarakani wakati huo, alisimamisha safari zake za nje na za mawaziri hadi mwezi Machi uliofuata, akapunguza kwa nusu mafuta ya magari wanayopewa mawaziri na maofisa wakuu. Wako waliosema kuwa hayo ni maonyesho tu, kwa sababu akiba ya safari na petroli ni tone katika bahari ya deni la taifa. Kwa hesabu, wana haki. Lakini twaona wamekosea katika jambo moja. Kazi ya kujinyima kwa wakubwa si kujaza hazina peke yake. Ni kuifanya "tu" iwe ya kweli. Kiongozi asiyejinyima anaposema "tukaze", kwa hakika anasema "mkaze". Kwa upande mwingine, kujinyima huko hakutoshi. Asafiriye kwa gari la serikali akipunguziwa petroli, bado anasafiri.

Kwa hiyo twahitaji kipimo. Rai yetu ni kwamba agizo la kukaza mkanda lina haki likitimiza masharti matatu. Kwanza, aanze mwenye kuagiza. Pili, mzigo upimwe kwa kile kinachobaki, si kwa kile kinachokatwa. Ukikata asilimia 10 ya kwacha milioni moja, zabaki 900,000, na mezani hapakosi kitu. Ukikata asilimia 10 ya kwacha 50,000, umeondoa 5,000 tu, lakini umeondoa chakula cha siku kadhaa. Usawa wa asilimia si usawa wa maumivu. Tatu, wanaoagizwa waambiwe dhiki ni ya nini, itakwisha lini, na siku hiyo ikifika watolewe hesabu. Miezi 18 isiyokwisha hufundisha watu kutoamini neno.

Wajibu wetu

Walimu wenzetu wataweza kuuliza: haya yatuhusu nini, nasi si waweka hazina? Yatuhusu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba chama chochote cha walimu ni nchi ndogo. Tunapopanga ada na michango, tukumbuke kwamba mwalimu wa kujitolea wa Dzaleka na mwalimu mwenye mshahara wa Lilongwe hawana mkanda mmoja. Kuwatoza sawa si kuwatendea haki.

Sababu ya pili ni darasa lenyewe. Tunapofundisha kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, tusiishie kwenye jedwali. Tuwape wanafunzi sentensi kama "tupunguze matumizi", wazigeuze kuwa "nipunguze", "mpunguze", "wapunguze", na "tumepunguziwa", kisha waeleze katika kila moja ni nani anayetenda na ni nani anayetendwa. Mwanafunzi azoeaye kuuliza "tu ni akina nani?" amejifunza sarufi vizuri. Na siku atakapokalia kiti katika ofisi za kilimani, kama akijaliwa, huenda akafikiri mara mbili kabla ya kulitamka neno hilo kwa watu wa bondeni.