Picha Ambayo Hakuna Aliyeiona

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, na siku ile nililijibu haraka mno. Ilikuwa Agosti 2020. Nilikuwa nimebandika kwenye ukuta wa darasa picha ya sayari ya Mshtarii niliyoipiga hapa hapa Mpanda, mikanda yake miwili ya mawingu ikionekana wazi. Binti yule aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, usiku ule tulipochungulia kwenye darubini mimi sikuona hivi. Niliona kitu kinachezacheza. Wewe uliona hivi?"

Nikamwambia kwamba hata mimi sikuona hivyo.

"Sasa ni nani aliyeona?"

Ili msomaji aupate uzito wa swali hilo, hana budi kujua picha ile ilivyotengenezwa. Darubini yetu ni ya kioo cha inchi sita, nayo tuliipata kwa msaada. Kamera ni kile kidude kidogo cha kompyuta kinachowekwa juu ya skrini ili watu waonane wakizungumza. Kukitumia kwa sayari si uvumbuzi wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watazamaji wa nyota wa Ulaya na Marekani waligundua kwamba kamera ya Philips iitwayo ToUcam Pro, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo tu, hupiga sayari vizuri kuliko kamera nyingi za filamu za bei kubwa. Sababu yake ni hewa. Hewa iliyo juu yetu haitulii. Huutetemesha mwanga kama vile joto linavyoitetemesha barabara ya Sumbawanga mchana wa Septemba. Kamera ya filamu ikifunguka kwa sekunde nzima hukusanya mtetemo wote pamoja, na picha hutoka na ukungu. Kikamera cha kompyuta hupiga picha kumi na tano au thelathini kila sekunde, na miongoni mwa hizo zimo chache zilizonaswa katika nukta ambayo hewa ilitulia. Programu ya kompyuta, kama RegiStax ya Mholanzi Cor Berrevoets ambayo hupatikana bure, huzipanga picha zote kwa ubora, huzitupa mbaya, kisha huzipandanisha nzuri juu ya nyingine hadi iwe picha moja. Mshtarii ile ya ukutani ilitokana na picha 1,800, nami nilizibakiza 400. Hakuna jicho lililoiona.

Kuhusu kuichagua kamera yenyewe, niseme machache, kwa kuwa nilipoteza fedha kwa kutojua. Muuza duka alinisifia wingi wa megapikseli, nami nikaamini. Kumbe sayari ni ndogo kiasi kwamba hata kamera ya pikseli 640 kwa 480 huibeba nzima na nafasi ikabaki. La maana ni kwamba lenzi yake iweze kufunguliwa kwa mkono, kwa kuwa lenzi ya kamera huondolewa na darubini ndiyo inayokuwa lenzi. Ile yangu ya kwanza lenzi yake ilikuwa imegandishwa kwa gundi, nilipoilazimisha ikapasuka. La pili, kamera ikuruhusu kupanga mwenyewe muda wa kupokea mwanga, isijiamulie, maana ikiona anga jeusi hudhani chumba kina giza na kuichoma sayari kwa weupe. La tatu, isizibane mno picha zake ili zipite upesi kwenye waya, kwani kubanwa huko hufuta mambo madogo ambayo ndiyo unayoyatafuta. Ya pili niliipata kwa mtu aliyekwisha kuitumia, kwa shilingi 30,000. Zipo kamera maalumu za sayari, na ni bora, lakini bei yake huzidi hiyo. Mama watoto aliniuliza swali moja tu kuhusu jambo hilo na likaisha. Badala ya kifaa cha kuiunganisha na darubini nilitumia kikopo cha plastiki cha filamu za zamani, ambacho kwa bahati njema unene wake unakaribia sana tundu la darubini, inchi moja na robo. Nilikipata kwenye studio moja ya picha hapa mjini, kikiwa kimejaa vifungo vya shati.

Zaidi ya hayo Mpanda inatusaidia. Tuko takriban digrii sita tu kusini mwa ikweta, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,000, na sayari hutupitia karibu na utosi, ambako hewa ya kupenya ni chache. Mwenzetu wa London mwaka ule aliitazama Mshtarii chini kabisa, juu kidogo ya mapaa ya nyumba. Adui yetu ni moshi wa nyika, unaozidi kadiri kiangazi kinavyokwenda ukingoni.

Basi nilimjibu binti yule hivi. Ukisikiliza kesi kwenye baraza, huwaamini mashahidi wote sawasawa. Aliyekuwa amelewa, aliyekuwa mbali, aliyesimuliwa na mwingine, hao huwaweka kando. Wale waliokuwa karibu na waliotulia ndio unaowasikiliza, na maneno yao yakipatana unasema jambo hili lilitukia. Wewe mwenyewe hukuwapo, hata hivyo hukumu yako si uongo. Picha 400 ni mashahidi 400. Darasa liliridhika, nami nikaridhika zaidi ya darasa.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 2020, Mirihi ilitusogelea. Tarehe 13 ya mwezi ule ilikuwa upande wa anga ulio kinyume na jua, kubwa na nyekundu. Niliipiga usiku tatu. Programu ina sehemu ya kunoa picha: unasogeza kitufe kidogo kidogo na mistari inazidi kujitokeza. Nikasogeza, nikapenda nilichokiona, nikasogeza tena. Kwenye ukingo mmoja wa sayari kukatokea utepe mwembamba mweupe. Nilikuwa nimesoma kwamba Mirihi ina ukungu wa asubuhi, na ni kweli unao. Nikaipeleka darasani nikasema, huu ndio ukungu wa asubuhi wa Mirihi, umepigwa kutoka Mpanda. Wakaandika.

Usiku uleule sikupata raha, na sijui hasa kwa nini. Nikaifungua tena video. Nilipopunguza kunoa, utepe ulififia, nilipozidisha, ulinenepa. Mwisho nikachukua video ya ukingo wa Mwezi, nikaipitisha kwenye kazi ileile kwa kipimo kilekile. Nao ukatoa utepe uleule. Mwezi hauna hewa ya kuleta ukungu wowote.

Jambo la kwanza nililolifanya, nakiri, ni kuilaumu kamera. Rahisi ni ghali, nilijiambia. Lakini halikuwa kosa lake. Mwanga wenyewe hujikunja kidogo unapoingia kwenye darubini, na kunoa hukikuza kijikunjo hicho pale penye ukingo mkali; kamera ya milioni ingenipa utepe huo huo kama ningesogeza kitufe vile vile. Mashahidi wangu 400 hawakusema uongo. Mimi ndiye niliyewabana mpaka waseme ninachotaka kusikia, na hilo sikuwa nimeliingiza katika mfano wangu wa baraza.

Wala jicho tupu si mwaminifu zaidi, ingawa wapo wanaotetea hivyo. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Milan alichora mistari juu ya Mirihi. Percival Lowell, aliyejenga kituo chake huko Arizona mwaka 1894, aliiona kuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, akaandika vitabu. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi aliitazama kwa darubini kubwa ya Meudon, Ufaransa, na katika hewa iliyotulia mifereji ikatawanyika ikawa madoa madogo yasiyo na mpango. Chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu mwaka 1965 kilipiga picha za mashimo matupu. Lowell hakuwa na kitufe cha kunoa. Alikuwa nacho ndani yake.

Nilikuwa na njia nyepesi: kunyamaza. Hakuna mtihani wa taifa utakaouliza kuhusu utepe ule, na wanafunzi wangekuwa wamekwisha kuusahau kufikia Desemba. Isitoshe, mwalimu anayejisahihisha mara kwa mara hupoteza heshima, au ndivyo tunavyoambiana kwenye ofisi ya walimu. Nilichelewa siku nne. Ya tano nikaingia na picha mbili, ya Mirihi na ya Mwezi, nikazibandika pamoja bila kusema neno, nikawauliza wanaona nini.

Binti yule ndiye aliyenyoosha kidole. Alisema, "Mwalimu, na Mwezi una ukungu?"

Nikaeleza yote, pamoja na zile siku nne. Baadhi walicheka. Yeye alitoa daftari, akapiga mstari kwa rula juu ya sentensi yangu bila kuifuta, na pembeni akaandika tarehe. Kisha akaomba tupige tena usiku ule, na safari hii kitufe akishike yeye.